Mjukuu wangu kaihamishia kompyuta ya mizani kwenye laptop, sasa wakulima wananiona mwizi

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze. Nanyi wasomaji, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, sasa tulieni msome.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, wilaya ya Ikungi, Singida. Shule niliishia darasa la nne. Nanunua alizeti kwa wakulima na kukamua mafuta, tangu wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuja vijijini na mizani zao za kilaghai. Wenzangu walitajirika wakahama. Mimi watu wanapita milango ya wanunuzi wengine wanakuja kwangu, kwa sababu mizani yangu haidanganyi.

Kwangu kuna utaratibu. Mizani imeungwa kwa waya na kompyuta ya zamani, lile boksi kubwa, na kioo chake nimekigeuza kiwatazame wakulima, si mimi. Gunia likipanda, mwenye gunia anasoma kilo mwenyewe kwa sauti, na anayemfuata kwenye foleni anarudia. Hata asiyejua kusoma anasikia.

Msimu huu boksi likaanza kukwaruza tumboni kama kuku anayechakura. Mjukuu wangu Neema (si jina lake) amesomea kompyuta Dodoma, kafungua duka lake la kutengeneza kompyuta hapa barabarani. Akaniambia, "Bibi, diski inakufa. Nitaihamisha kompyuta yako nzima iingie kwenye laptop. Itakuwa kompyuta ndani ya kompyuta."

"Si uweke tu hiyo programu ya mizani kwenye laptop?"

"Ni ya zamani, Bibi. Laptop inaikataa. Tukiihamisha kompyuta yote, programu itajiona iko kwake kulekule."

Haya. Kuiwasha, kioo kikawa cha bluu kikazima. Neema akasema imeshtuka kujikuta kwenye mwili mgeni. Akahangaika nayo mpaka ikaamka. Halafu waya wa mizani, ule wenye kichwa kipana cha pini, ukakosa pa kuchomeka. Akaenda Singida mjini kununua adapta. Ikakataa. Akarudi akanunua nyingine, hiyo ikakubali, na mimi nikapiga vigelegele kama mjinga.

Siku ya kupima ikafika, foleni mpaka nje. Gunia la kwanza sawa, la pili sawa. Mbele kidogo watu wawili wakasoma namba ileile. Kijana mmoja akacheka, "Mama, leo magunia yako yamezaa mapacha!" Wote tukacheka. Tukaendelea, na alizeti ikaendelea kumiminwa kwenye mashine. Tukapumzika tunywe uji. Kurudi, Mzee Njiku (si jina lake) akapandisha gunia lake, limejaa mpaka wamelishona kwa shida. Akasoma. Namba ileile ya kigunia cha mama aliyemtangulia.

Safari hii aliyemfuata hakurudia. Hakuna aliyecheka.

Mzee Njiku akanigeukia. "Dada. Hata wewe?"

Nikalivuta boksi la zamani kutoka chini ya meza, nikachomeka waya mwenyewe, nikalizaba kofi ubavuni. Likakwaruza, likaamka. Tukalipima gunia la mzee upya. Namba ikapanda mbali kabisa na ile ya laptop. Wakachukua magunia yao ambayo hayajamiminwa, wakaondoka kimya. Afadhali wangenitukana.

Neema akakaa na laptop yake hadi akaupata ugonjwa. Eti tukikaa kidogo bila kupima, laptop inailaza ile adapta ili kuokoa umeme. Mizani inasema, laptop haisikii, na programu inabaki na namba ya gunia lililopita. "Nimeizima hiyo tabia, Bibi. Sasa ipo sawa."

Ipo sawa! Na waliopunjwa je? Alizeti yao imeshachanganyika, hakuna ajuaye nani alipunjwa na nani alizidishiwa. Nikamwambia nitawaita wote, nisimame mbele yao niseme ilivyokuwa.

Akalia. "Bibi, ukisema laptop yangu ndiyo iliyowapunja, nani ataniletea kompyuta tena? Duka nimelifungua juzi. Tuwaongezee kilo kidogo kimyakimya msimu huu, yataisha."

Yaani nidanganye kwa mizani ili nifiche kwamba mizani ilidanganya? Nimemfokea mpaka jirani kaja kuamua. Lakini yule mtoto nimemlea mimi, mama yake alimwacha ananyonya. Wenzake wamekimbilia Dar, yeye alirudi huku vumbini kwa ajili yangu. Na hiyo kazi hakunitoza hata senti. Nikisema, namzika na duka lake. Nikinyamaza, Mzee Njiku atakufa akijua mimi ni kama wale wengine.

Msiniandikie "pole bibi", pole sili. Wala msiniambie ninunue mizani mpya, hilo nalijua. Nataka mtu mzima mwenye akili anijibu: niwaite watu, au nimfiche mtoto?

Kesho kuna kupima. Laptop Neema ameiweka mezani, na kioo chake amekigeuzia upande wangu. Sijakigusa bado. Nishaurini kabla foleni haijafika, kama itakuja.