Dawa Aliyoisifu Msabah

Msabah Ame alirudi Unguja mwaka 1971, baada ya kusomea kemia Ujerumani Mashariki. Huko alikuwa na watafiti waliokuwa wakitafuta dawa mpya ya malaria. Walichukua dawa ya zamani wakaibadilisha umbo la kikemia kidogo kidogo, hapa wakiondoa kipande cha molekuli, pale wakitia kingine, kisha wakaijaribu kwa panya wagonjwa. Moja aliyoiunda Msabah mwenyewe iliwaponya panya. Binadamu hajapata kupewa.

Lakini kwenye karamu ya kumkaribisha, nyumbani kwao Malindi, mjini Unguja, alisema tu, "Nimeunda dawa ya malaria." Watu wakaanza kumwita daktari, naye hakuwakataza.

Habari ikafika hadi kijijini Paje. Asubuhi moja shangazi yake, Bi Biasha, akashuka gari mjini, Darajani, na mumewe, Simai, aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Hospitali hawakwenda. Walikwenda moja kwa moja kwa Msabah, wakamkuta amekaa na majirani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Mpe ile dawa yako."

Msabah aliwatazama majirani, akaona haya kusema kweli.

"Dawa inakuja kwa meli," alisema. "Mlazeni kwanza apumzike."

Wakangoja. Kesho yake Simai akawa anaweweseka, hata mkewe hamtambui. Ndipo Msabah alipokimbia kutafuta gari.

Hospitalini daktari aliuliza kwa ukali kwa nini mgonjwa kacheleweshwa.

"Tunatoka shamba, daktari," akajibu Bi Biasha. "Gari za taabu."

Simai alipona, ila sikio moja likafa. Siku alipoanza kula, Msabah alikaa na shangazi yake nje ya wodi, akamweleza habari za panya.

"Kwa hiyo meli hakuna?"

"Hakuna, shangazi."

Bi Biasha alimgeukia. "Ungetwambia tu. Tungekwenda hospitali, na kazi yako tungeisifu vilevile."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Akapata kazi ya kupima mafuta ya karafuu, na kila aliyemwita daktari alimsahihisha. Paje ilimshinda kwenda kwa muda mrefu. Mwishowe alikwenda. Simai alimpikia pweza wa nazi, akamuuliza kwa hamu vipi vile vipande alivyohadithiwa na mkewe viliunganishwa mpaka vikawa dawa. Msabah alimjibu taratibu, macho yamo sahanini.