Jemedari wa Chumba cha Kufulia Achoka Kujikaza

Jua ndiyo kwanza linafika kwenye madirisha ya juu, lakini chumba cha kufulia cha hospitali kimeshachemka. Mashine zote zinazunguka kwa pamoja, mvuke wa pasi unapanda hadi darini, na anayetaka kusikika inabidi apandishe sauti.

Katikati ya chumba wanawake wawili wanatazamana, kila mmoja ameshika pembe mbili za shuka. Wanaivuta hadi inakaza, wanaikung'uta mara moja, kisha kila mmoja anamsogelea mwenzake mpaka mikono inakutana. Mmoja anaachia, mwingine anapokea, na shuka nyingine inachukuliwa.

“Leo umekuja na uso wako au umeazima?” anauliza yule mfupi, ambaye kazini anaitwa Redio kwa sababu hazimiki.

“Ni wangu mwenyewe. Nimelala vizuri, ndiyo maana huujui,” anajibu yule mrefu, na wote wawili wanacheka mpaka shuka inawaponyoka.

Huyo mrefu ndiye msimamizi mkuu wa chumba hiki. Ana miaka hamsini na mbili, ameifanya kazi hii zaidi ya nusu ya maisha yake, na hapa hakuna anayemwita kwa jina. Kuanzia mfagizi wa korido hadi daktari wa upasuaji, wote wanamwita Jemedari.

Mwaka jana, majira kama haya, Jemedari huyu, wakati huo kiongozi wa zamu tu, alikuwa karibu kupoteza kazi. Kibaya zaidi, yeye mwenyewe aliamini kwamba anapoteza akili.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza kuuelewa mstari. Sakafu ya chumba hiki imegawanywa kwa mstari mwekundu uliochorwa kwa rangi ya mafuta. Upande wa mlangoni ni mchafu: ndiko yanakofikia matoroli kutoka wodini, nguo zikachambuliwa na kuingizwa kwenye mashine. Upande wa madirishani ni safi: ndiko kwenye pasi, meza za kukunjia na makabati. Toroli la upande mmoja haliendi upande wa pili. Hata mtu akivuka, ananawa mikono kwanza na kubadilisha aproni.

“Mstari!” ndilo neno la kwanza ambalo kila mfanyakazi mpya hulisikia kutoka kwa Jemedari. Redio anasema siku yake ya kwanza kazini alilisikia mara nyingi kuliko jina lake.

“Nilimchukia, sikufichi,” anasema Redio. “Nikamwambia mume wangu, kule kuna mwanamke analinda rangi ya sakafu kama analinda benki.”

Jemedari ni mtoto wa kwanza katika familia ya watoto sita, na jina hilo halikuanzia kazini. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyebaki kuwa mkono wa kulia wa mama. Wadogo zake wote walipita mikononi mwake: ada, magonjwa, posa, ugomvi wa ndoa. Mama yao alipoanza kuugua, hakuna aliyeuliza ataishi kwa nani. Alihamishiwa kwa Jemedari, na akauguzwa hapo kwa miaka minne.

Siku ya mazishi Jemedari alikuwa kila mahali. Aliagiza viti, akapanga magari, akahakikisha wageni wa mbali wamepata pa kulala. Watu walimmiminia sifa kwamba ana moyo wa chuma.

“Kila aliyenifuata alikuwa na swali,” anakumbuka. “Dada, sahani ziko wapi? Dada, maji yameisha. Sikumbuki hata mmoja aliyenishika mkono akaniambia pole. Nami siwalaumu. Nilikuwa natembea haraka sana, wangenishikia wapi?”

Hakulia siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Alirudi kazini akajikaza kisabuni, kama anavyosema mwenyewe, na sabuni anaifahamu.

Miezi michache baadaye mwili ukaanza vituko vyake. Hedhi ilikuwa imeshaanza kuruka, na sasa ikakoma kabisa. Joto lilikuwa likimpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, akalowa jasho mbele ya pasi kana kwamba amemwagiwa maji. Usingizi ukamtoroka. Mumewe, fundi saa mpole asiyependa maneno mengi, alianza kulala na sweta kwa sababu mkewe hataki dirisha lifungwe.

“Nikimuuliza una nini, ananiambia hana kitu,” anasimulia mumewe. “Nikinyamaza, ananiuliza mbona simjali. Nikaona bora nivae sweta.”

Kazini mambo yalikuwa yaleyale. Jemedari alikuwa mkali siku zote, lakini ukali wake ulikuwa na mzaha ndani yake. Sasa mzaha ukakauka. Aliweza kumfokea mtu kwa kikunjo kimoja cha mto, kisha akaingia stoo na kusimama gizani, moyo ukimwenda mbio, asijue alichofuata.

Na hapo ndipo alipotoa amri iliyowashangaza wote: kuanzia siku ile, kila mtu atakunja shuka peke yake juu ya meza. Ule mtindo wa kukunja wawili wawili, ambao wafuaji wote wa hospitali hiyo walifundishwa, akaupiga marufuku.

“Niliwaambia ni kwa ajili ya kuokoa muda,” anasema, na hapa anatazama chini. “Uongo mtupu. Ukikunja na mtu, kila shuka inakuleta uso kwa uso naye. Mimi nilikuwa sitaki mtu yeyote aniangalie machoni.”

Asubuhi iliyoharibu mambo ilianza kama asubuhi nyingine. Toroli lilikuwa limeletwa kutoka wodi ya wazazi likiwa na shuka ambazo kwa macho hazikuwa na doa. Jemedari alikuwa hajalala. Alilisukuma toroli lile, akavuka mstari, akazipiga pasi zile shuka, akazikunja moja moja kwa ule unadhifu wake unaojulikana, na kuzirudisha wodini. Hazikuwa zimefuliwa.

Muuguzi mkuu wa wodi ile ndiye aliyegundua. Alipokuwa akitandika kitanda cha kwanza, ndani ya shuka alikuta soksi ya kichanga imenyooshwa kwa pasi, bapa kama karatasi. Alijua mara moja. Nguo iliyofuliwa hupitia kuchambuliwa, na soksi haiwezi kupita hapo salama. Aliamuru mzigo wote urudishwe, na badala ya kupiga simu, akashuka nao mwenyewe.

Alipoingia, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya. Redio anasema hata mashine zilionekana kusikiliza, ingawa tunajua Redio hutia chumvi.

“Nilikuwa nimeshapanga la kumjibu,” anasema Jemedari. “Nilikuwa nataka kusema ni kosa la aliyeleta toroli. Basi yule muuguzi akaniwekea soksi mkononi, akaniambia taratibu: ‘Dada, shuka hizi hakuna aliyezilalia, ondoa hofu. Ila wewe, unalala?’”

Jemedari alifungua mdomo aseme analala. Kilichotoka ni kilio. Alilia amekaa sakafuni, juu ya mstari wenyewe, mguu mmoja upande mchafu na mwingine upande safi. Alimlilia mama yake kwa sauti, karibu mwaka mzima baada ya kumzika, na muuguzi akakaa chini pamoja naye na sare yake nyeupe.

Siku iliyofuata muuguzi alimpeleka kliniki. Daktari alimweleza kwamba mizigo miwili imemwangukia kwa wakati mmoja: mabadiliko ya mwili ya umri wake, ambayo yana dawa na yana namna ya kuishi nayo, na msiba alioufungia ndani. Alipewa dawa, na akatakiwa kumwona mshauri nasaha kila wiki.

“Mshauri nasaha! Nikajua sasa nimeambiwa kiungwana kwamba kesho naokota makopo,” anasema na kucheka. “Nilifika pale, yule dada akaniambia nikae tu, nisifanye chochote. Nilijitahidi. Baada ya muda mfupi akanikuta napangusa meza yake.”

Ilichukua majuma kadhaa kabla hajaweza kukaa na mikono yake mapajani. Kisha maneno yakaanza kutoka. Alizungumza kuhusu uchovu wa kumgeuza mama kitandani, na kuhusu hasira yake kwa wadogo zake waliokuwa wakija kutembea na kuondoka. Alikiri pia jambo lililomtesa kuliko yote: kwamba siku mama alipokata roho, kitu cha kwanza alichohisi ni ahueni.

“Nilidhani nikilitamka hilo nitaonekana shetani. Yule dada akaniuliza, ‘Na baada ya ahueni, ulihisi nini?’ Nikamwambia sijui, wageni walikuwa wameshafika.”

Wakati hayo yakiendelea, utawala wa hospitali ulikuwa unalichunguza kosa. Habari za korido zilisema Jemedari atastaafishwa mapema. Wenzake walikaa wakapanga njama ya upendo: waseme toroli liliwekwa upande usio wake, lawama zigawanywe, kila mtu apate kidogo.

Jemedari alikataa katakata. “Nimewafokea miaka yote kwa ajili ya mstari. Leo niuvuke, halafu mbebe nyinyi?”

Alipoitwa mbele ya kamati, alikuta wanaume watatu mezani. Akawaeleza yote, tangu usingizi hadi hedhi, bila kupunguza sauti.

“Mmoja aliinua macho darini kama mtu anayetafuta bomba linalovuja,” anasimulia. “Nikamwambia, baba, teremsha macho. Mkeo nyumbani naye atafika hapa kama hajafika, na utanikumbuka.”

Hakuomba huruma. Alisema adhabu ataipokea, kisha akataja anachotaka: madirisha ya chumba cha kufulia yaliyopigiliwa misumari yafunguliwe, wanawake wa umri wake waruhusiwe kwenda kliniki bila kuonekana wavivu, na yeye aachwe amalizie miaka yake ya kazi akiwa mzima. Akaongeza kwamba ile amri ya kukunja peke yake ameifuta, na aliyeitoa alikuwa mgonjwa.

Kamati ilimvua uongozi wa zamu na kumpeleka upande mchafu, kuchambua nguo kama mwajiriwa mpya. Lakini hakustaafishwa. Siku aliyoambiwa abaki, anasema, alitoka ofisini akapiga hatua chache, akaegemea ukuta na kucheka peke yake.

Huko upande mchafu ndiko alikopona, ukimuuliza yeye. Alikuwa hasimamii mtu. Wenzake walimletea chai, jambo ambalo mwanzoni lilimtia wasiwasi. Alianza kulala, kwanza kwa kuibia, kisha usiku kucha, na fundi saa akavua sweta.

Kitu kingine kikaanza chenyewe. Alhamisi, mashine zikipumzika mchana, wanawake waliovuka miaka arobaini na kitu walibaki wakikunja wawili wawili na kuzungumza. Hakuna mwenyekiti wala ajenda. Mmoja anasema mtoto wake wa mwisho ameondoka na nyumba imekuwa kimya, mwingine anasema ameachwa baada ya miaka ishirini ya ndoa. Wapishi walisikia, wakashuka. Wafagizi wakafuata. Muuguzi mkuu naye huja, na ilibainika kwamba aliuliza lile swali la usingizi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa akipata usingizi.

“Tukiwa tumeshika shuka, maneno hayaoni haya,” anaeleza Redio. “Mikono ina kazi, macho yana mtu. Hata ukilia, kitambaa unacho.”

Mwezi uliopita msimamizi mkuu wa zamani alistaafu. Wafuaji waliulizwa wanamtaka nani, wakataja jina moja. Kamati ilikubali, akiwemo yule bwana wa dari, ambaye Jemedari anadai sasa humsalimia akimtazama usoni.

Siku alipokabidhiwa funguo, wenzake walimbeba juu juu kutoka upande mchafu hadi upande safi. Mguu wake ulipogusa sakafu, wote walipiga kelele kwa sauti moja: “Mstari!” Ilibidi arudishwe, anawe mikono, abadilishe aproni, ndipo sherehe iendelee. Alilia tena, safari hii mbele ya kila mtu, na hakuharakisha kufuta machozi.

Tukiwa bado katika mazungumzo, simu yake inaita. Ni mdogo wake wa kiume. Mdogo huyo anamwoza binti yake, na ana haraka.

“Dada, kuhusu vyombo na wapishi, utaanza kushughulikia lini?”

Jemedari anakaa kwenye kiti kabla ya kujibu.

“Mdogo wangu, hongera sana. Sasa nisikilize. Siku hiyo mimi ni shangazi wa bibi harusi. Nitakuja nimependeza, nitakaa mbele, nitaletewa chakula, na nikikumbuka mama hayupo, nitalia nikiwa nimekaa palepale.”

Mdogo wake bado ana haraka.

“Sasa dada, nani atasimamia?”

“Mko watano. Mtapata mtu.”

Anaizima simu na kuiweka mfukoni mwa aproni. Uso mzima unafunguka kwa tabasamu. Anasema ameshaomba likizo ya wiki nzima kabla ya harusi, ya kwanza maishani mwake isiyokuwa ya kuuguza wala kuzika, na kwamba fundi saa amekubali wafanye mazoezi ya kucheza sebuleni, kwa sharti kwamba Redio asiambiwe.

“Harusi zote za ukoo wetu nimezisikilizia jikoni,” anasema akiinuka kurudi kazini. “Hii nataka kuiona ukumbini.”