Mke wangu alikataa operesheni kwa jina langu, mimi nikaendelea kumeza vitamini

Admin, jina langu liache nje, na kanisa ninalosali usilitaje, maana humu kwenye ukurasa kuna watoto wangu na wateja wangu.

Nina miaka sitini na mbili, naishi Katoyi hapa Goma, ingawa kwetu ni Butembo. Ni seremala, na kazi ninayojulikana nayo ni vitanda. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, maana mbele hakuna cha kuchekesha. Nimeoa miaka thelathini na minne. Mke wangu nitamwita Mama Masika, na mpaka mwezi uliopita ningeapa mbele ya padri kwamba huyu mwanamke hajawahi kunidanganya.

Mwaka jana mkojo ulianza kunisumbua, unatoka kwa kubembelezwa. Tukaenda hospitali, dokta wa njia ya mkojo akanipima damu, baadaye akachukua vipande vidogo vya tezi dume vikachunguzwe. Siku ya majibu nilikaa kwenye benchi. Ninyi wa hapa mnajua inavyokuwa: habari ikiwa nzito, muuguzi haiti mgonjwa, anaita garde-malade, yule mtu wa familia anayemsindikiza. Mama Masika akaingia, mimi nikabaki nje nabishana na mzee mmoja kuhusu mbao. Wala sikuona ajabu. Baba yangu alikufa bila kuambiwa ugonjwa wake, na aliyeitwa ndani siku ile ni mimi.

Alipotoka alisema ni mikrobe tu, dawa zipo. Nikazimeza miezi mingi, kwa saa zake, kama mtoto wa shule. Nimekuja kujua zilikuwa vitamini.

Mwezi uliopita alikwenda Butembo kwenye matanga ya dada yake. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka nashindwa kushika randa, nikaenda hospitali peke yangu. Dokta yule yule akafungua faili, akaniuliza kwa upole kama sasa nimebadili mawazo. Mawazo gani? Akasema, "Papa, mwaka jana ulikataa tukupasue." Nikamwambia siwezi kukataa kitu ambacho sijakisikia. Akanigeuzia karatasi. Chini yake kulikuwa na jina la mke wangu na saini yake, ile ya herufi kubwa kubwa. Kumbe alipewa wiki moja aje kuzungumza nami nyumbani, akarudi na jibu.

Dokta akavua miwani, akanieleza yote. Kansa ya tezi dume, alisema, si hukumu moja kwa wote. Wako wazee ambao yeye mwenyewe anawakataza kisu, kwa sababu kansa yao inakwenda polepole, inatosha kuifuatilia kwa vipimo. Kipimo cha damu peke yake hakionyeshi yupi ni yupi, ndiyo maana hapendi kuwatisha watu nacho, wala hapendi wakidharau. Lakini yangu ilikuwa ya haraka, na mwaka jana ilikuwa bado imo ndani ya tezi. Ule ndio ulikuwa wakati wa kuitoa. Angeniambia pia kwamba operesheni inaweza kuharibu mambo ya chumbani, kisha angeniacha niamue.

"Mwenye mwili njo anafaa kuchagua," alisema, yaani mimi ndiye wa kuchagua. "Nilikosa, papa. Ilikuwa inafaa nikuite weye."

Sasa imeingia kwenye mifupa, haitoki tena. Kilichobaki ni kuipunguza mwendo: sindano zinazozima homoni za kiume, nizichome maisha yangu yote, au kuondolewa korodani mara moja. Kwa njia zote mbili, kile ambacho mke wangu alikuwa anakilinda kitakwenda.

Dokta nilimkasirikia, lakini yeye nitamsamehe. Sili naye sahani moja.

Mama Masika aliporudi nilimwekea karatasi mezani. Hakukana. Akaniuliza kama nakumbuka siku aliyonisimulia habari za mume wa rafiki yake, aliyeambiwa apasuliwe na kwamba huenda asiwe tena mwanaume kwa mke wake. Nikakumbuka, tulikuwa tunakula sombe. Aliniuliza ningekuwa mimi ningefanyaje, nikacheka, nikasema heri nizikwe mwanaume. Hakukuwa na rafiki wala mume wa rafiki.

"Nilikuuliza, Papa Masika," akasema. "Njo jibu ulinipatia. Njo hilo nilipeleka."

Ndugu zangu, maneno hayo yananiuma kuliko mgongo. Angesema aliogopa, ningeelewa. Mwanaume akiulizwa ugonjwa wa mwenzake mezani, atajibu kwa kujisifu, hilo mwanamke aliyeishi nami miaka thelathini na minne analijua. Hakuna aliyeniambia ni mwili wangu unaozungumzwa. Sasa nimeulizwa kweli, na jibu langu ni kwamba nataka kuishi. Nataka kuishi kwa sindano, nataka kuishi bila korodani, nataka kuwaona wajukuu wakipata komunyo. Sijui kama yeye hakulijua hilo, au alilijua akaogopa kuniuliza sawasawa. Sijui lipi ni baya zaidi.

Watoto hawajui kitu. Wanampigia simu kumshukuru jinsi anavyonitunza, naye anapokea shukrani mbele yangu.

Kesho asubuhi dokta anangoja jibu. Nikichagua kisu, lazima awepo mtu wa kuniosha na kunilisha siku zile, na watoto wakiwa hawajui, zaidi ya mke wangu sina mwingine. Leo mchana amepiga pasi shati langu akalitundika mlangoni, na pembeni yake ametundika kitenge chake cha kutokea. Nishaurini nyinyi mliowahi kudanganywa na mtu mnayempenda: niende naye, au nishushe kile kitenge nikamrudishie kabatini? Nijibuni leo leo.