Amina ya Panda

Ngo, ngo, ngo. Hadi leo nikifumba macho nasikia kile kipande cha reli kilichotundikwa mbele ya kantini ya kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi, kule Panda mjini Likasi, Katanga, kikigongwa kwa nyundo. Zamani kiliita watu kwenye mgawo wa unga. Lakini miaka ile kampuni ilikuwa inakufa, unga ulikwisha, na kikigongwa tulijua tunakwenda kusikia nani analaumiwa. Mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye ndoto nyingi, nilikwenda nikirukaruka: labda unga umerudi.

Shefu wa mtaa alipanda juu ya meza, akasema familia zote zenye asili ya mkoa wa Kasai ziache nyumba kabla ya Jumapili. Mama Ntumba, jirani yetu Mkasai, aliyezaliwa palepale Likasi na aliyenifundisha kusuka, akauliza taratibu, “Shefu, tulifanya kosa gani?”

“Mungu ndiye alipatia kila taifa inchi yake. Tubishane na Mungu?”

“Minye niko nauliza weye, siko nauliza Mungu.”

Watu wakacheka. Mmoja akasema kutoka nyuma, “Basi mama, panda treni, utamuuliza huko mbele.”

Shefu akavua kofia. “Tuombe.” Nasi, watu wa kanisa, tukafumba macho kama tulivyozoea. Aliomba kwa sauti tamu yenye machozi: akashukuru kwa mvua, akawataja wagonjwa, akamsihi Bwana awasindikize wageni salama hadi kwao. Tukaitikia amina, baba, mama na mimi. Tulipofumbua macho jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa, na swali la Mama Ntumba limebaki chini kama ganda la karanga. Wazee husema penye wengi pana Mungu. Siku ile tulikuwa wengi kweli.

Leo hakuna kantini wala kampuni, ila kila mkutano una sala yake, hata ule wa kuwafukuza wauza makala, mkaa wa kupikia, barabarani. Mungu nampenda bado. Ndiyo maana inaniuma kumwona akitumwa kujibu maswali ya mashefu.

Wiki ile ile ya agizo la shefu nilitoroka peke yangu hadi stesheni. Mama Ntumba alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, katikati ya umati uliongoja treni. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalinipotea. Nikasema tu, “Mama, hata minye nilisema amina.”

Akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

“Hata minye, mutoto,” akasema. “Nilizoea.”