Mshumaa wa Bibi Agata

Jamani, nilidanganya. Tena nilidanganya nimekaa mkekani, rozari mkononi, mbele ya jumuiya nzima. Nisomeni kwanza, halafu mnitukane mkipenda, maana nastahili!

Mimi ni dada wa hapa Kilosa. Mwaka ule jumuiya yetu ilinichagua niiwakilishe kwenye hija, kule pwani, kwenye kanisa la kale la misheni. Wakanichangia nauli, wakanipigia vigelegele.

Bibi Agata akanivuta pembeni. Miguu yake ilivimba siku nyingi, hata kanisani anapelekwa kwa baiskeli. Mama yake alibatizwa kwenye kanisa lile, kabla hajaolewa na kibarua wa mkonge na kuletwa huku. Alipokuwa anakufa alimwomba bintiye jambo moja tu: aende amwashie mshumaa pale alipobatizwa.

"Mjukuu wangu, mimi sifiki tena," Bibi akaniambia. "Niwashie wewe. Nilimwahidi mama."

Mshumaa wenyewe aliufunga kwenye kitambaa cheupe alichokidarizi kwa mkono wake.

Mahujaji tulitakiwa tukutane Morogoro. Mimi nikapitia Mikumi, kuna kijana wangu alikuwa anafanya kazi pale, nikasema nimwone mara moja nipite. Loo! Mara moja gani? Basi la mahujaji likaniacha, na wala sikuhuzunika sana.

"Sasa unahangaika nini?" yule kijana akacheka. "Kanisa si hili hapa?"

Akanifungulia kwenye simu. Kumbe kuna ziara ya mtandaoni! Unagusa mshale, unaingia mlangoni. Unagusa tena, uko katikati ya mabenchi. Nililizunguka kanisa lile nimejilaza kitandani, natafuna karanga. Nikakariri vioo vya rangi, nguzo, dari, hadi kisima cha ubatizo. Nikikumbuka zile karanga natamani ardhi inimeze.

Niliporudi, jumuiya ilikutana kwa Bibi Agata.

"Tumsifu Yesu Kristu!" nikaanza.

"Milele na milele, amina!"

Basi nikamwaga maneno. "Dari yote ni ya mbao, jamani, imekuwa nyeusi kwa uzee!" Watu wakawa wanatikisa vichwa, wanasema huyu kweli kaona.

"Na mshumaa wangu?" Bibi akauliza.

"Niliuwasha palepale kwenye kisima cha ubatizo, bibi. Uliwaka vizuri!"

Mungu wangu! Mama wa watu alilia. Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki kwa lugha ya baba yake. Tangu siku ile nikawa mtu wake wa kutumwa, sokoni, kwa fundi, kila mahali.

Mwaka uliofuata akaenda Mama Sesi, katibu wetu. Akarudi akatusimulia jumuiyani, Bibi Agata akiwepo, wala hakuwa na nia mbaya. "Mishumaa mle ndani hawaruhusu kabisa, wanaiogopea ile dari ya mbao. Wote tuliwashia nje, kwenye pango la Bikira Maria."

Watu wakanigeukia. Dari niliyoisifu kwa mdomo wangu mwenyewe! Simu haikunionyesha pango lolote, ziara yake ilianzia mlangoni kuingia ndani tu.

Bibi hakufoka. Heri angefoka! "Mjukuu wangu, mshumaa wangu uko wapi?"

Nikaenda kuuleta. Niliogopa kuutupa, nikaufukia chini ya nguo sandukuni. Joto la bati lilikuwa limeupinda, umegandana na kile kitambaa. Bibi akajaribu kuunyoosha taratibu kwa vidole, ukakatika. Akautazama utambi, mweupe kama ulivyotoka dukani.

"Mama nitamwambia nini?" akasema. Hakuwa ananiuliza mimi.

Jumuiya ilinisamehe. Padri alinisikiliza, akanipa malipizi yangu. Yule wa Mikumi kumbe alikuwa na mke wake, hayo msiniulize. Nikaomba nipeleke mshumaa mwingine kwa nauli yangu mwenyewe. Bibi akakataa, akampa Mama Sesi.

Ndugu zangu, tazameni makanisa kwenye simu mpendavyo, si dhambi. Lakini mtu akikutuma, nenda! Ukishindwa, rudi useme umeshindwa, watakasirika na yataisha. Mimi kila asubuhi napita barazani kwa Bibi Agata. Nasema shikamoo, ananiitikia marahaba vizuri tu. Ila hanitumi tena, hata chumvi.