Mwano Tulioitikia Ng'ambo ya Kagera

Siku ile tulikuwa tunapalilia pamba, kijijini kwetu, kando ya barabara ya Mwadui. Mwano ukapigwa upande wa mbugani. Mwano ni yowe letu Wasukuma la hatari: ukilisikia unaacha jembe, unachukua fimbo, unakimbilia linakotoka. Huulizi. Asiyekwenda anatengwa, hata moto wa kupikia hapewi.

Luhende, jirani yangu, alinipita kwenye matuta akicheka. "Kimbia wewe! Au umeolewa leo?"

Kumbe fisi tu, kakamata ndama. Tukarudi kupalilia.

Pamba ile hatukuivuna. Nduli alikuwa keshavamia Kagera, sisi mgambo tukapakiwa kwenye malori. Mimi shule niliishia darasa la pili, na ng'ombe nilionao leo sikurithi hata mmoja. Nasema hivyo mjue sina kawaida ya kupamba maneno.

Ng'ambo ya mto kamanda wetu, mtu wa Pwani, alimtuma Luhende atangulie kuangalia shamba la migomba. Sisi tukalala kwenye majani kumsubiri.

Risasi zikalia.

Kisha mwano.

Kamanda alidhani ni kilio cha maumivu. "Laleni! Asiinuke mtu!"

Wa makabila mengine walilala. Wasukuma tulikuwa watano. Tuliinuka wote.

Sikuamua mimi. Miguu iliamua.

Nilipokaribia nilimwona Luhende ameegemea mgomba, tumbo liko wazi, anatufukuza kwa mkono.

"Rudini, wapumbavu! Ni mtego!"

Alikuwa anatuonya. Ila yowe la hatari alilofunzwa toka utoto ni moja tu, na hilo kwetu maana yake ni njoo.

Mimi nilipigwa paja nikaangukia mferejini. Wale wanne hawakupata mfereji.

Niliporudi nyumbani nilikwenda na magongo yangu kwa mama yake Luhende.

"Shikamoo, mayu."

Hakuitikia. "Alipiga mwano?"

"Alipiga."

"Mlikwenda?"

"Tulikwenda, mayu."

Akashusha pumzi. "Basi. Hakufa kama mtu asiye na kwao."

Ya mtego sikumwambia. Amezikwa hayajui.

Siku hizi mwano ukipigwa, wezi wameingia zizini kwa mtu, vijana wananipita. Mguu hauna mbio tena, lakini nakwenda.

Kamanda alituita wajinga, na kivita alisema kweli: waliolala walirudi makwao wazima. Hilo silibishi. Ila kama tungelala, kwa yule mama ningekwenda kusema nini?