Kanda ya Chai

Kutwa nzima Fundi Friji anaishi na kelele. Karakana yake imejaa mafriji yanayonguruma, mengine yanakohoa, mengine yanatetemeka mpaka spana mezani zinagongana, na yeye katikati yao anachapa kazi huku akiimba. Lakini ngoja ifike Jumapili alasiri. Hapo masikio ya bwana yanageuka ya kifalme. Inzi akipita dirishani, uso unamkunjamana.

Maana Jumapili ndiyo siku ya kikao cha wasikilizaji. Wako wanne tu, na kwa jinsi wanavyojiona ungedhani serikali inawategemea. Wanakutana sebuleni kwa Fundi, kila mmoja na kanda au santuri yake kwapani, kusikiliza simfonia za kale za Ulaya. Si kusikiliza tu, jamani! Kusikiliza ni kazi ya watu wa kawaida. Wao wanalinganisha. Simfonia ileile inapigwa na okestra hii, kisha na okestra ile, halafu unaanza ubishi: fidla za huku zimelegea, mwongoza okestra wa kule ana haraka kama anayewahi choo. Mwenyekiti ni Mwalimu Mstaafu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote na hakuzoea kubishiwa. Mfamasia ndiye mwenye kompyuta, kwa hiyo ndiye mwenye maringo. Wa nne ni Muuza Nyama, ambaye hakuna anayekumbuka nani alimkaribisha. Akiulizwa rekodi ya kwanza ikoje, anasema, "Tamu hiyo." Na ya pili? "Nayo tamu." Wenzake wanatamani kumtoa nje.

Sheria yao kuu ni moja: atakayetoa sauti muziki ukiwa unalia, ndiye atakayeosha vikombe vya chai. Muuza Nyama ameviosha mpaka anavijua kwa nyufa zake.

Sasa, kila mmoja wao ana kitu cha kutambia, na cha Fundi kilikuwa kanda moja. Aliirekodi miaka mingi iliyopita, kinasa sauti kikiwa mbele ya redio, okestra ikitangazwa moja kwa moja katika onyesho ambalo halikuuzwa popote baadaye. Ingekuwa lulu. Ila katikati ya sehemu ya polepole, pale fidla zinaponong'ona, unasikia mlango ukifunguliwa na sauti ya mwanamke inaingia bila hodi.

"Baba watoto, chai inapoa!"

"Shhh! Narekodi!"

"Haya, rekodi na hilo basi. Chai inapoa!"

Kisha mlango, pwaa! Na fidla zinaendelea na shughuli zao.

Kikao kikaibatiza Kanda ya Chai. Na Fundi hakuchoka kulalamika, mkewe akiwa jikoni palepale, anasikia kila neno. "Huyu mwanamke kaniharibia simfonia!" Naye hujibu kutoka hukohuko, "Na chai uliinywa." Wote hucheka, isipokuwa Mwalimu, ambaye hucheka kwa ratiba.

Kisha mke akaugua, akafa. Picha zake zipo ukuta mzima, lakini picha haisemi, na simu yake ilikuwa ile ya kupiga na kupokea tu. Sauti yake ikabaki mahali pamoja duniani. Fundi akawa anafunga karakana mchana, anaingia ndani, anaipeleka kanda mbele mpaka penye mlango. Anaambiwa chai inapoa. Anarudisha nyuma, anaambiwa tena. Alimpenda yule mwanamke, na pengo lake halikuzibika. Lakini mbele ya wenzake, ebu mwone mwanamume! Wimbo uleule: "Kama si marehemu, kanda hii isingekuwa na mfano." Angekubali kukatwa sikio kabla ya kukiri kwamba siku hizi simfonia yenyewe haisikilizi.

Mfamasia akayasikia malalamiko hayo kwa mara nyingine, huruma ikamjaa. Akaiomba kanda kwa wiki moja. Fundi angekataaje? Kukataa kungetaka maelezo, na maelezo ndiyo yaliyomshinda. Akaitoa.

Jumapili iliyofuata Mfamasia aliingia kifua mbele, akaiweka kanda mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mwenyekiti.

"Leo tunalinganisha," akasema. "Kanda ya Chai ya zamani mnaijua wote. Sasa sikilizeni hii."

Sehemu ya polepole ikaanza. Fidla zikanong'ona. Fundi, aliyeketi ukingoni mwa kiti, akausubiri mlango. Mlango haukufunguliwa. Fidla zikanong'ona mpaka zikamaliza, safi kama sakafu ya hospitali.

Mwalimu akavua miwani. "Mshono hauonekani hata kidogo. Hongera."

"Ni kompyuta tu," Mfamasia akasema, kwa unyenyekevu wa mtu anayetaka asifiwe tena. "Pale penye kelele nimekata, nikachukua kipande kwenye rekodi nyingine, nikashona. Halafu nikairekodi kazi yote juu ya kanda yake ileile, asije akahangaika."

"Na ile ya zamani?" Fundi akauliza.

"Ya zamani ipi tena? Nimeifuta. Takataka za nini?"

Machozi yakamtoka Fundi. Mfamasia, pamoja na vyeti vyake vyote ukutani, akadhani ni ya shukrani. Akampigapiga begani. "Usijali, ndugu yangu. Tuko pamoja."

"Umemfuta."

"Nimemfuta nani?"

"Mke wangu! Sina sauti yake kwingine kokote, na wewe umenishonea fidla!"

"Lakini wewe mwenyewe kila Jumapili unasema..."

"Najua nilichokuwa nasema!"

Watu waliodai kimya miaka yote hiyo sasa walikipata, na hawakujua wakifanyie nini. Mfamasia aliitazama kanda kana kwamba ingemtetea. Mwishowe Muuza Nyama akakohoa.

"Mimi ninayo," akasema.

"Unayo nini?" Mwalimu akamkazia macho.

"Ile yenye mama. Fundi aliponiazima zamani, niliinakili pale buchani. Redio moja inacheza, nyingine inarekodi." Akainamisha kichwa. "Najua mlikataza kunakili. Lakini mama anapogomba, hapo ndipo napapenda. Kwingine kote ni kutamu, ila hapo huwa napasubiri."

Kunakili kanda ya mwenzio bila idhini ya kikao ni kosa ambalo Mwalimu aliwahi kulihubiri alasiri nzima. Safari hii alitazama dari.

"Kimbia kailete," Fundi akasema, na Muuza Nyama, na kitambi chake, akakimbia.

Akarudi akihema, mkononi ana kanda yenye alama za vidole vya mafuta. Rekodi mbovu kama ile haijawahi kupigwa katika sebule hiyo. Ilikuwa mvumo mtupu, okestra iko mbali, shoka la nyama linapiga mapigo yake lenyewe, na mteja mmoja anauliza kama maini yapo. Mfamasia aliumia mpaka usoni ikaonekana. Fidla zikaanza kunong'ona. Shoka likatulia. Mlango ukafunguliwa.

"Baba watoto, chai inapoa!"

"Shhh! Narekodi!"

"Haya, rekodi na hilo basi. Chai inapoa!"

"Nakuja, mama watoto," Fundi akasema. Akasema kwa sauti, muziki ukiwa unalia, mbele ya kikao kizima. "Nakuja. Nakuja sasa hivi."

Mwalimu akafungua mdomo kwa mazoea, akaufunga. Muuza Nyama alishaanza kuinuka kuelekea kwenye sinia la vikombe, naye kwa mazoea vilevile. Fundi akamkalisha kwa mkono, akavikusanya vikombe mwenyewe, akaenda navyo jikoni. Chake kilikuwa bado kimejaa, chai imeshapoa. Akainywa yote, amesimama palepale mkewe alipokuwa akisimama, kisha akafungua bomba na kuanza kuosha.